Ushindi si kipimo cha mrushaji

Mhariri,

Makala yenu kuhusu tuzo ya Cy Young, inayotolewa kwa mrushaji bora wa kila moja ya ligi mbili kuu za besiboli ya Marekani, imeshangaa kwamba Paul Skenes wa Pittsburgh Pirates aliichukua mwaka 2025 ilhali aliandikiwa mechi 10 za kushinda na 10 za kushindwa. Mshangao huo unatoka mahali pamoja: kudhani kwamba ushindi ulioandikwa mbele ya jina la mrushaji ni kazi yake peke yake.

Kanuni za besiboli zinamtaka mrushaji aliyeanza mchezo amalize angalau vipindi 5 kati ya 9, atoke timu yake ikiongoza, na uongozi huo usipotee hadi mwisho. Akiruhusu mkimbio (alama) mmoja tu katika vipindi 8 na wenzake wasipate kitu, kashindwa yeye. Akiruhusu 6 katika vipindi 5 huku wenzake wamepata 9, ushindi wake huo!

Cy Young mwenyewe, mrushaji ambaye tuzo ina jina lake, ana ushindi 511, lakini kati ya 1890 na 1911 mrushaji aliyeanza kwa kawaida ndiye aliyemaliza. Yeye alimaliza mechi 749. Siku hizi wengi hupumzishwa kipindi cha 6 au cha 7, na mechi huamuliwa na waliotoka benchi. Tangu Randy Johnson afikishe ushindi wa 300 mwezi Juni 2009, hajatokea mwingine.

Waandishi wanaopiga kura walichelewa kulikubali hili. Mwaka 1987 Nolan Ryan aliongoza National League, moja ya ligi hizo mbili, kwa wastani wa 2.76 (mikimbio anayoruhusu mrushaji kwa kila vipindi 9; mdogo ndio bora) na kwa kuwatoa wapigaji 270 kwa straiki, yaani bila wao kuupeleka mpira uwanjani, ila kwa kuwa alishinda 8 na kushindwa 16, tuzo ikaenda kwa Steve Bedrosian. Mwaka 1990 Bob Welch alimpiku Roger Clemens kwa ushindi 27 dhidi ya 21, ingawa wastani wa Clemens ulikuwa 1.93 na wake 2.95. Mwaka 2010 akashinda Félix Hernández mwenye 13 kwa 12, kisha 2018 Jacob deGrom, 10 kwa 9, akapata kura 29 kati ya 30 za nafasi ya kwanza.

Wastani wenyewe hupatikana hivi: zidisha mikimbio kwa 9, kisha gawa kwa vipindi. DeGrom: 41 × 9 ÷ 217 = 1.70. Mikimbio iliyotokana na makosa ya wadakaji haiingizwi. Na jedwali likiandika vipindi 187.2, hiyo .2 ni theluthi mbili, yaani wapigaji wawili waliotolewa. Wengi huikosea hapo. Nao wastani una kasoro zake: wadakaji hodari huushusha, na hewa nyepesi ya Denver, ambako mpira huruka mbali, huupandisha.

Jambo jingine dogo: tuzo haikuwa mbili tangu mwanzo. Don Newcombe aliipata mwaka 1956 kwa niaba ya ligi zote, na kila ligi ilianza kuwa na yake mwaka 1967.

Basi jedwali lenu la kila wiki lionyeshe vipindi, wapigaji waliotolewa kwa straiki na waliopewa besi ya bure kwa mirusho mibovu. Safu ya ushindi iwe ya mwisho.

Mfuatiliaji wa besiboli