Mwanangu, vaa kwa ajili ya maji

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako ya juzi nimeisoma mara mbili, ile unayosema kayaki, kale kamtumbwi kembamba, umeshapata na hela iliyobaki ni kidogo ila unataka kutoka wiki ijayo, alafu ukamalizia na "jua linawaka tu mama, hamna shida". Hapo kwenye jua ndo nimeshtuka baba. Jua linapasha hewa haraka lakini maji yanachelewa wiki na wiki, yani unaweza kukuta hewa nyuzi 22 wewe unatokwa jasho pwani na maji hapo hapo yako nyuzi 8. Kwaiyo kabla ya nguo yoyote nunua kipima joto kidogo, kifunge kamba, kitumbukize, subiri kidogo, usome. Ile namba ndo unayoivalia.

Sijawahi kukusimulia vizuri siku niliyopinduka, ulikuwa bado mdogo. Ziwa limetulia kabisa, nimevaa jinzi na sweta ya pamba, nikageuka kuwaangalia wenzangu nyuma na kayaki ikalala ubavu. Cha kwanza nilichokutana nacho haikuwa hata baridi, ni pumzi. Kifua kilivuta hewa chenyewe kwa nguvu bila mimi kutaka, kikavuta tena na tena, na kama uso ungekuwa chini muda ule ningevuta maji, laifu jaketi, lile koti la kuelea, ndo iliniweka juu. Baadae pumzi ikatulia nikasema haya sasa nishike kamba ya kayaki, naiona kamba, naigusa, vidole havifungi. Nilikuwa naviangalia kama vya mtu mwingine. Wenzangu ndo walinivuta.

Wanaofundisha mambo haya wana hesabu yao ya maji ya baridi kali: dakika 1 ya kutuliza pumzi, dakika 10 za mikono kufanya kazi, na kama saa 1 kabla hujapoteza fahamu. Hiyo ni kwa aliyevaa laifu jaketi. Asiyevaa wengi hawafiki hata kwenye hiyo saa, pumzi na mikono vinamwangusha mapema.

Sasa kwa hela uliyonayo, laifu jaketi kwanza, na hii kama unaweza nunua mpya, maana ya mtumba hujui imekaa juani miaka mingapi na sponji yake imechoka kiasi gani. Ivae, funga mikanda yote, mwambie mwenzako aivute juu kwenye mabega, ikipanda mpaka masikioni sio saizi yako.

Inayofuata ni wetisuti, ile suti ya kubana ya neoprini, yani mpira laini kama sponji, na hapa mtumba ruksa kabisa. Tafuta ile isiyo na mikono ya milimita 3, maana kasia unalipiga kwa mabega na ukivaa nene ya wapiga mbizi utachoka kabla hujaenda popote. Lazima ikubane. Wetisuti haikuachi mkavu, inashika maji kidogo tu kati yake na ngozi na mwili wako unayapasha, kwaiyo ikiwa imelegea kila ukijisogeza yale ya moto yanatoka na mapya ya baridi yanaingia, hapo umevaa bure. Mikono ifunike na flisi nyembamba, kile kitambaa chepesi chenye manyoya, au sufu na juu yake jaketi ya kuzuia maji na upepo yenye vifungo vizuri mikononi. Sweta za sufu na flisi zimejaa kwenye mitumba, hapo ndo utaokoa hela nyingi. Pamba acha nyumbani yote, hata chupi na soksi, pamba ikilowa haikupi joto tena na inakaa na maji siku nzima.

Nakuona unataka draisuti, ile suti nzima isiyoingiza maji, na ni kweli ndo nguo yenyewe, ila yenyewe haina joto, inazuia maji tu, joto linatoka kwenye flisi unazovaa ndani. Ukiikuta ya mtumba nenda moja kwa moja kwenye mpira wa shingo na wa mikono, uvute taratibu kwa vidole gumba viwili kwenye mwanga. Ukiona mipasuko midogo midogo kama udongo uliokauka, au unanata kama pipi, ujue umekwisha. Mpira unabadilishwa, hiyo isikutishe, cha kuogopa ni zipu maana kuibadilisha ni gharama, kwaiyo pitia jino moja moja mpaka mwisho.

Miguuni viatu vya neoprini, mikononi glavu, kichwani kofia ya neoprini inayoingia chini ya helmeti. Glavu beba na za akiba.

Ukishapata vyote usiende mbali bado. Nenda na mtu, sehemu ambayo maji yanakufika kiunoni, uingie na kila kitu, ujilaze humo dakika kadhaa mwenzako akiwa amesimama karibu. Kama ni draisuti chuchumaa kwanza ufungue mpira wa shingo kidogo hewa itoke. Alafu mikono ikishapoa jaribu kufunga na kufungua vifungo vya laifu jaketi, jaribu kupanda kwenye kayaki. Kama unatetemeka pale pale ufukweni basi nguo haijatosha, ongeza tabaka au ungoje.

Na kungoja ndo ninachokuomba hasa. Kama maji yako chini ya nyuzi 10 na hela imefika kwenye wetisuti tu, usitoke, acha kayaki ikae, maji yatapata joto na haitakugharimu kitu. Najua inauma maana umeisubiri sana.

Ukitoka kwenye maji suuza kila kitu kwa maji baridi yasiyo na chumvi, anika kivulini, jua linaua mpira.

Nina flisi mbili nzuri nyembamba hapa kabatini na ile kofia yangu ya neoprini, bado nzima, juzi nimeivuta vuta kila upande. Nipimie kifua, kiuno, na urefu toka begani mpaka pale mapaja yanapokutana unitumie leo leo, na ukishapima maji unitumie hiyo namba pia.

Mama