Ile sanamu ya babu, musidanganyike eti ni ya zamani haina shida

Bwana Mhariri,

Naandika juu ya ile barua mulitoa wiki mbili zimepita, ya ndugu mmoja wa Ibanda mwenye alisema kama kitu cha meno ya tembo ni cha zamani, cha kurithi, mutu anaweza kukiuza kwake nyumbani kimya kimya na hakuna sheria inamuhusu. Niliisoma mara mbili, moyo ukaniuma, juu maneno kama hayo njo yalitaka kutupeleka sisi gerezani mwaka uliopita, na familia za sisi Warega ni nyingi hapa Bukavu, zilitoka Mwenga, zilitoka Shabunda, ziko na vitu vya wazee ndani ya masanduku. Siwezi kunyamaza.

Kwetu iko iginga. Kwa wenye hawajui, ni kasanamu ka jino la tembo, hii yetu inatosha ndani ya kiganja, uso umechongwa kama moyo umeingia ndani kidogo, macho ni matundu mawili, na mugongoni kuna ufa mmoja toka shingo mpaka kiuno. Rangi si nyeupe tena, ni kama asali ya pori, juu ya mafuta ya mbarika yenye wazee walikuwa wanapakaka miaka na miaka. Ukiishika asubuhi ni baridi, kidogo tu inashika joto la mukono. Babu ya baba yangu alikuwa kindi, kile cheo cha juu kabisa cha Bwami, chama cha wazee wa Warega, na Wabelgiji walipokataza Bwami mwaka wa 1948 akaificha kwenye paa la nyumba. Leo iko ndani ya kopo la biskuti, imefungwa na kitambaa.

Sasa mwaka uliopita mama akalazwa, fakture ya hospitali ikapanda kila siku, baba mudogo akasema tuuze. Akaja komisyonere mmoja, yaani dalali, kijana musafi wa maneno matamu, akapiga picha, akatuma kwa Watsap, mbele jua lizame akarudi na bei ya dola yenye ilitufanya sisi wote tunyamaze. Akasema mzee, hii ni antikite, kitu cha zamani, haina shida, tena nitakutengenezea karatasi. Hiyo karatasi njo iliniamsha. Karatasi gani, na nani anaisaini? Kesho yake nikaenda kwa avoka mmoja, mwanasheria mwenye tunasali naye parokia moja.

Avoka akanifungulia sheria ya 11 Februari 2014, ile nambari 14/003 ya kulinda viumbe. Tembo analindwa kabisa, na kukamatwa na meno yake, kuyasafirisha ao kuyauza bila ruhusa ni kosa, akaniambia usitegemee miaka ya hicho kitu ikuokoe. Nikamuuliza na ule mkataba wa CITES, wa dunia juu ya biashara ya wanyama na mimea ya pori, si nchi yetu iliingia toka 1976 ikiitwa Zaire, si wanatoaka cheti cha vitu vya mbele ya mkataba? Akasema ndiyo, kiko, lakini hicho ni cha kuvukisha kitu mupaka, hakikupi haki ya kuuza sebuleni, na ni wewe mwenye unapaswa kuonyesha kama kitu ni cha mbele. Biashara ya meno ya tembo wa Afrika kati ya nchi na nchi ilifungwa toka mwaka wa 1990.

Nilikasirika, sifichi. Huyo tembo alikufa mbele babu yangu azaliwe, kosa letu liko wapi? Lakini avoka akaniuliza swali moja: utamuonyesha hakimu namna gani? Jino la mwezi huu likichongwa, likapakwa mawese, likachemshwa kwenye chai, likaning'inizwa juu ya moshi wa jikoni, nalo linatoka likiwa "la babu". Nikakumbuka yule komisyonere alikuwa amemuuliza baba mudogo kama anajua wazee wengine wenye wanaweza kusaini tu kama walirithi vitu, hata kama hawana kitu! Mwili ukanisisimka. Jina la babu yangu lingekuwa mlango wa kupitishia meno ya tembo wenye wanauawa leo. Na sisi wa Bukavu tunajua hasara hiyo, juu ndani ya parke ya Kahuzi-Biega, upande wa milima ya juu, tembo karibu wote walimalizwa wakati wa vita ya miaka ya 1990, leo watoto wetu wanafika Tshivanga kuona ngagi (gorila), tembo wanamsikia tu kwa wakubwa.

Tena hata ng'ambo kwenye wanunuzi wako haiko wazi vile watu wanafikiri. Uingereza walifunga kwa sheria ya 2018 yenye ilianza kutumika Juni 2022, hata vya zamani, wakaacha vichache sana, kama piano ao ala ingine ya muziki ya mbele ya 1975 yenye meno ya tembo chini ya asilimia 20, vitu vya mbele ya 1947 vyenye chini ya asilimia 10, na vile vya mbele ya 1918 vyenye thamani kubwa kabisa ya sanaa, na hivyo vyote lazima viandikishwe kwanza ao vipate cheti. Marekani walikaza 2016, wakaacha vya zaidi ya miaka 100 lakini muuzaji njo anatoa ushahidi. China ilifunga soko lake mwisho wa 2017. Wako hata na maabara zenye zinapima kaboni ya zile bomu za nyuklia zilijaribiwa miaka ya 1950 na 1960, zinajua kama tembo aliishi kisha hapo ao alikufa mbele. Sisi hapa tutaipimia wapi?

Hapo njo kilio changu kiko. Maginga yenye yalibebwa zamani yako kwenye nyumba ya makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, yako kwenye nyumba za matajiri Bruseli na Paris, yako na makaratasi. Yenye yalibaki na wenyewe hayana hata nambari, na mwenye kuyachunga anaogopa polisi na mwizi pamoja. Siombi wafungue biashara, hapana. Kwa desturi iginga hata si mali ya mutu mmoja, kindi akifa inawekwa kwenye kaburi lake kisha inapewa mwenye kuchukua nafasi yake, sasa baba mudogo angeuza cha nani? Naomba ICCN, shirika la serikali lenye kulinda wanyama na maparke, na watu wa utamaduni wa provensi wapange siku familia zilete vitu hivyo, vipigwe picha, vipimwe, viandikwe, mutu arudi nacho nyumbani bila kufungwa. Na ninyi Bwana Mhariri muwaulize, mutoe jibu lao hapa kwa Kiswahili, juu sheria iko kwa Kifaransa na wazee wetu hawaisome.

Fakture tulilipa kwa kuuza kiwanja kidogo cha Bagira na muchango wa wajomba, mama yuko nyumbani anatembea. Komisyonere hajachoka, wiki hii amempigia baba mudogo telefone mara mbili.

Musomaji wenu,
Kadutu, Bukavu