Kamba ya mita 10 haifungwi shingoni

Wiki iliyopita mzee mmoja wa Muyenga alifika kibandani kwetu Kansanga, hapa Kampala, na mbwa wa aina ya Boerboel wa miaka miwili, kilo 60 na ushee, amesimama nyuma ya pikapu kama askari wa zamu. Mzee alitaka kamba ndefu. "Mita kumi, fundi, na iwe nene." Nikamuuliza ataifunga wapi, akagusa kola ya mnyororo shingoni mwa mbwa. Nikamwambia kamba ninayo, lakini kwa kola ile siuzi. Hakupendezwa. Alihisi namsukumia bidhaa ya pili nimle pesa.

Basi hesabu niliyomfanyia ni hii. Mbwa wa kilo 50 ana uzito wa mfuko mmoja wa saruji. Mpe mita 10 za kukimbilia, naye atafika mwisho wa kamba akiwa na mwendo wa mita 8 kwa sekunde, karibu kilomita 29 kwa saa, mwendo ambao mbwa mwenye afya anaufikia bila shida. Kishindo anachofika nacho ni sawa na cha mfuko ule wa saruji ukianguka kutoka kimo cha mita 3 na zaidi, yaani kutoka paani. Sasa kishindo hicho chote kipokelewe na utepe wa upana wa vidole viwili, juu ya koromeo. Kwenye kamba ya mita 2 hapati nafasi ya kuchanganya miguu, ndiyo maana kola inatosha kwa mbwa aliyekwisha kujua kutembea kando ya mtu. Urefu wa kamba ndio unaobadilisha mambo.

Kwa hiyo kamba ndefu inakwenda na mkanda wa kifua, au hanesi kama wateja wengi wanavyosema. Ng'ombe wa kulima kule Teso havuti jembe kwa koo, nira inakaa mabegani. Lakini mfano huohuo una upande wa pili ambao wauzaji wengi wanauficha: ng'ombe amevishwa nira ili avute. Hanesi haimfundishi mbwa adabu. Inamwezesha kuvuta bila kuumia, na mbwa mwenye nguvu akigundua hilo atakuvuta vizuri zaidi kuliko jana. Kazi ya kumfundisha inabaki kwako.

Kuna hanesi za namna nyingi, na kwa mbwa mkubwa mimi nashona aina moja tu: ile ambayo ukimtazama mbwa kwa mbele unaona herufi Y. Mikanda miwili inashuka kutoka pande za shingo, inakutana juu ya mfupa wa kidari, kisha mmoja unapita katikati ya miguu ya mbele kwenda tumboni. Mabega yanabaki huru. Zile zenye mkanda mmoja uliolala mbele ya kifua kama mshipi zinavalishwa upesi, na zinapendwa kwa sababu zina nafasi ya kubandika maandishi ya kutisha ubavuni. Lakini mkanda huo unakaa palepale mguu unapotaka kunyanyuka. Mtazame mbwa aliyevaa hiyo akitembea, utaona hatua zake zimekuwa fupi.

Kupima ndiko kwenye kazi. Usiniambie "ni mkubwa, nipe saizi ya mwisho." Rottweiler na German Shepherd wanaweza kufanana kilo wasifanane kifua hata kidogo. Chukua futikamba ya fundi cherehani, umsimamishe mbwa, upime mzunguko wa kifua vidole vinne nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ukipima karibu zaidi na kiwiko, mkanda utasugua kwapani, na kwa joto la nchi hii na tope letu jekundu, siku tatu tu kidonda kipo. Pima mzunguko wa chini ya shingo, pale inapoungana na mabega. Halafu pima kutoka mfupa wa kidari, katikati ya miguu, hadi pale mkanda wa kifua unapopita. Kipimo hiki cha tatu watu wanakiruka, nacho ndicho kinachoamua kama hanesi itatulia au itazunguka mgongoni kama sketi iliyolegea. Ikishavaliwa, vidole viwili vilivyolala vipite chini ya kila mkanda. Vikipita vinne, imelegea.

Tena kuna suala la kujivua. Mbwa akishtushwa na radi au honi ya lori mara nyingi hakimbilii mbele. Anarudi kinyumenyume, anainamisha kichwa, na hanesi inatoka kama mtu anavyovua fulana. German Shepherd wenye kifua kirefu na kiuno chembamba ni mabingwa wa mchezo huo. Kwa mbwa wa namna hiyo, na kwa mbwa yeyote mwoga, tunaongeza mkanda wa tatu nyuma ya mbavu. Boerboel na Rottweiler hawasumbui sana kwa hanesi. Kwao ni kola inayotoka, maana shingo ni nene karibu sawa na kichwa.

Kamba ndefu ifungwe kwenye pete ya mgongoni. Pete ya kidarini ni ya kamba fupi wakati wa mafunzo. Ukiiweka kamba ya mita 10 hapo, itapita katikati ya miguu, na siku akichomoka itamgeuza ghafla kwa upande.

Nina kovu kwenye kiganja cha mkono wa kulia ambalo wateja wakiniona nashona huniuliza. Jike langu la German Shepherd lina kilo 31 tu. Asubuhi moja tulipita karibu na jalala, kaloli mmoja, yule korongo mkubwa wa majalala, akanyanyuka na mabawa yake yale kama mwavuli wa sokoni, na jike likaenda. Kamba ilikuwa ya nailoni, nyembamba, mikono yangu mitupu, na kwa woga wa kuponyokwa nilikuwa nimezungusha mwisho wa kamba kiganjani mara mbili. Nailoni ilinichoma kama pasi. Kidole cha pete kiliteguka. Wiki 3 sikushika sindano, na kaloli alikwenda kutua juu ya nguzo ya umeme akatutazama.

Tangu siku hiyo hakuna mteja anayeondoka kwangu na kamba ndefu kabla hajashika glavu. Za bustani zinafaa. Kamba inakunjwa kiganjani kwa mikunjo iliyolala, kushoto kulia kushoto kulia, ili ikivutwa itoke yenyewe. Haizungushwi mkononi wala kidoleni, na kitanzi cha mwisho hakivaliwi kwenye kifundo cha mkono. Mimi siku hizi sishoni kitanzi kabisa kwenye kamba za mita 10, maana kikiburuzwa chini kinanasa kwenye kila kisiki. Badala yake, mita 2 kabla ya mwisho nashona uzi mnene mwekundu unaouhisi hata bila kutazama. Ukipita kiganjani, anza kubana polepole, geuza mwili ubavu, piga magoti kidogo, na utembee naye hatua mbili tatu. Usisimame wima kama mlingoti kumsubiri afike mwisho.

Kamba yenyewe iwe ya nini? Katani ya sokoni ni ya mbuzi, inakwaruza mikono na inachanika nyuzi. Pamba ni tamu mkononi, ila ikiloa haikauki upesi, na ukiitupa stoo msimu wa Machi hadi Mei utaikuta imeota ukungu. Ngozi naipenda kuliko vyote, baba yangu alikuwa fundi viatu Jinja, lakini ngozi ya mita 10 ni mzigo na mvua inaila. Iache kwa kamba fupi. Utepe bapa wa nailoni wa milimita 20 hadi 25 ni wa bei nzuri na una nguvu, bora glavu ziwepo. Uzi wa polyester uliofunikwa kwa plastiki laini ni ghali, tunauagiza, lakini haunywi maji, unapanguswa tope kwa kitambaa, na haunuki. Wapo wanaoniletea mikanda ya magari kutoka soko la vipuri la Kisekka niwashonee. Ni imara kweli, ila ni mipana mno kwa kamba na haijulikani imekaa juani miaka mingapi. Nakataa.

Zile kamba zinazojikunja zenyewe ndani ya kifuko cha plastiki siuzi kwa mbwa wa zaidi ya kilo 20. Siku mpini ukikuponyoka utaanguka chini, utarukaruka nyuma ya mbwa ukigonga lami, naye ataukimbia kama anafukuzwa na shetani.

Udhaifu mwingi hauko kwenye utepe, uko kwenye klipu. Zile nyepesi zinazong'aa za zinki zinavunjika ghafla, hazipindi kwanza kukuonya. Tunatumia shaba nyeupe au chuma kisichoshika kutu. Kila Jumapili vuta mshono kwa nguvu zote, bonyeza springi ya klipu mara kumi, kisha mvue mbwa hanesi upekue kwapani na chini ya kidari. Kupe wanapenda kujificha chini ya mikanda, na mbwa anayelala na hanesi usiku kucha anawafugia nyumba.

Anza na mita 5. Mita 10 ni za uwanja mtupu. Barabarani, penye boda boda na watoto wa shule, kunja yote umshike karibu. Majirani wengi wanaogopa mbwa, na anayekwenda msikitini na udhu wake hapendi kupanguswa na pua yenye mate. Mita 8 za ziada kati yako na mbwa ni mita 8 za kuomba radhi. Na tafadhali usimfunge mbwa mtini kwa kamba hii ukaenda zako. Mti hautembei naye hatua mbili tatu.

Mzee wa Muyenga alirudi Jumanne. Tulimpima Boerboel wake: sentimita 98 za kifua. Hanesi itakuwa tayari Ijumaa, pamoja na kamba ya mita 5.

Tunapima Jumanne hadi Jumamosi, asubuhi kabla ya saa nne, jua halijawa kali. Njoo na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa na mtu wa pili wa kumshika kichwa, maana futikamba inataka mikono yangu yote miwili. Mshono wetu ukifumuka, tunaurudia bure. Ukitafunwa na mbwa, utalipia uzi.