Salamu za Pasaka: Kimya Kilichopo kati ya Msalaba na Ufufuko

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Wapendwa wanakwaya, walimu wa kwaya, wapiga kinanda mliokesha Jumamosi Kuu, na ninyi mnaokaa mabenchi ya nyuma mkisikiliza tu: Pasaka njema. Poleni kwa Juma Kuu. Kuanzia Matawi hadi Mkesha koo zimefanya kazi nzito, na wengi wenu leo mnasalimia kwa sauti ya kukwaruza.

Salamu za safari hii zinakuja na muziki. Watu huuliza kwa nini nyimbo za kanisa za enzi ya Baroko, zilizotungwa kwa Kilatini na Kijerumani karibu miaka 300 iliyopita, zinamliza mtu asiyejua hata neno moja la lugha hizo. Jibu letu ni la kifundi. Machozi hayo yamepangwa ndani ya noti. Mtunzi alishaamua sauti ipi igongane na ipi, kwa muda gani, na zikatulie wapi. Kwaya inayopajua mahali hapo na kupaheshimu itamgusa msikilizaji. Inayojitahidi kulia kwa niaba yake itampita pembeni.

Tuanze na njaa. Katika makanisa makuu ya Leipzig, alikofanya kazi mtunzi Mjerumani Johann Sebastian Bach tangu 1723, muziki wa kwaya na ala ulinyamazishwa Kwaresima yote, isipokuwa sikukuu ya Kupashwa Habari Maria. Kisha ikaja sala ya jioni ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1724, katika kanisa la Mtakatifu Nikolao, na waumini wakasikia kwa mara ya kwanza Mateso kwa Yohane, utungo wa Bach unaosimulia mateso ya Yesu: karibu saa mbili za muziki, katikati yake mahubiri. Fikirini masikio yaliyofunga wiki zote hizo yakipokea mwanzo ule, besi ikigonga noti ileile moja chini bila kuhama, vinanda vya nyuzi vikizunguka, na juu yake filimbi na oboi zikigongana noti kwa noti kabla hata mtu hajaimba neno. Wakatoliki wenzetu wanaijua njaa hiyo kwa njia yao: siku 40 bila Aleluya, halafu inarudi usiku wa Mkesha. Parokia ambayo mazoezi yake ya Haleluya yanasikika uwanjani kila jioni ya Kwaresima imewalisha watu kabla ya karamu. Fanyieni mazoezi chumbani, madirisha yamefungwa.

Sasa kiini cha salamu zetu. Katika Misa ya Bach ya B ndogo ("ndogo" ni ufunguo wenye sauti ya huzuni, "kubwa" wenye sauti ya furaha), ile aliyoikamilisha mwaka 1749, mwaka mmoja kabla ya kifo chake, kuna sehemu ya Kanuni ya Imani inayosema alisulubiwa, akateswa, akazikwa. Muziki wake Bach aliuchukua kwenye kantata, yaani utungo wa kanisani wa waimbaji na ala, aliyoitunga Weimar mwaka 1714, akaushusha nusu-toni, akaongeza mwanzo na mwisho. Ufundi wake wote umesimama juu ya besi. Besi inashuka nusu-toni kwa nusu-toni kutoka E hadi B. Kwa wasomaji wa solfa, noti za do, re, mi: la, se, so, fe, fa, mi. Inachukua baa nne (baa ni kipande kimoja cha mapigo), kisha inarudi juu na kushuka tena. Inarudia hivyo mara 13 katika baa 53, bila kuharakisha wala kupumzika. Juu yake sauti nne zinaingia moja moja, kila moja ikitamka neno lilelile na kudondoka. Soprano ya kwanza hainyanyui mdomo muda wote huo.

Msikilizaji hahitaji kuelezwa kitu. Baada ya marudio matatu au manne mwili wake umeshajifunza kwamba besi itashuka, na haizuiliki. Hapo ndipo uzito unapotoka. Ndiyo maana mpiga kinanda anayeongeza nguvu kila duru, akidhani anaongeza huzuni, anaibomoa. Besi ibaki sawasawa mwanzo hadi mwisho, mapigo mepesi, kila noti ikiachiwa kidogo kabla ya nyingine. Kosa jingine ni mwendo. Walimu wengi wakiona maneno ya msalaba hupunguza kasi hadi wimbo unalala. Huu una mapigo matatu makubwa katika kila baa, na usipoweza kuyahisi kama hatua za watu watatu wanaotembea, umekwenda polepole mno.

Duru ya 13 ndiyo ya kukaa nayo. Filimbi na vinanda vya nyuzi vinanyamaza. Wanabaki waimbaji na besi peke yake, kwa sauti ndogo, wote wameshuka chini ya uwezo wao, wakisema "akazikwa". Na hapo, baada ya kurudi mara 12 kwenye njia ileile ya la, besi inageuka: inatua kwenye do, chodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) kubwa ya G. Mwanga unaingia kaburini kabla mtu hajatamka ufufuko. Wengi hawalitambui badiliko hili kwa akili, lakini vifua vinalijua. Kisha kimya. Kisha "akafufuka", D kubwa, sauti tano, tarumbeta tatu na ngoma, bila utangulizi wowote wa ala.

Kimya hicho kifupi ndicho kinachopotezwa zaidi kuliko noti yoyote. Karatasi zinafunuliwa, mtu anakohoa, mwalimu anarekebisha miwani, mpiga kinanda anabadili sauti ya mashine kwa kubonyeza vitufe vitatu. Tayarisheni mapema. Ukurasa wa "akafufuka" ubandikwe upande wa kulia wa ukurasa wa kaburi, au kila mtu ashike kwa kichwa baa nane za kwanza. Soprano ya kwanza, ambao wamekaa kimya karibu dakika tatu na sasa wanatakiwa kuruka juu, wavute pumzi kwa siri wakati wenzao wako kwenye neno la mwisho. Mkono wa mwalimu ubaki hewani, usishuke, kwa sababu ukishuka tu watu watapiga makofi. Sekunde mbili au tatu zinatosha. Zikizidi hapo, kimya kinakuwa cha mwalimu wa kwaya, si cha kaburi. (Hakuna ushahidi kwamba Bach mwenyewe aliwahi kuisikia Misa hii ikiimbwa nzima. Sisi tunaisikia kwenye simu, jikoni.)

Na kuhusu simu: spika yake ndogo haitoi besi. Mkisikiliza sehemu hii bila spika za masikioni, au redio yenye mwili, mmesikia nusu ya juu tu, na nusu hiyo haina sababu ya kulia.

Kugongana kwa sauti nako kunahitaji maelezo, maana ndiko kunakofanya kazi kubwa katika muziki huu wote. Kuna hatua tatu. Kwanza, noti inaimbwa ikiwa salama ndani ya chodi. Pili, chodi inahama chini yake, mwimbaji amebaki, na sasa anagongana na wenzake kwenye pigo zito. Tatu, anashuka hatua moja na amani inarudi. Kwa mfano alto ameshika do, wengine wamehamia so, ti, re. Do ya alto inauma, kisha inashuka ti. Tatizo la kwaya zetu ni kwamba alto akisikia maumivu hayo anadhani amekosea. Ananywea, au anakimbilia ti kabla ya wakati, na palipopaswa kuwa na kilio panabaki laini tupu. Dawa yake ni kuwachukua alto na besi peke yao, kuwasimamisha kwenye mgongano kwa mapigo manne, na kuwaambia kwamba hapo ndipo mahali sahihi. Anayeshika aongeze nguvu kidogo kwenye pigo la mgongano, kisha aachie kwa wepesi anaposhuka. Anayekandamiza noti ya amani ameugeuza wimbo kichwa chini.

Kwaya yenye sauti nyingi inaweza kujipima kwa wimbo wa msalaba wa Antonio Lotti, fundi wa kanisa la Mtakatifu Marko, Venice. Una sauti nane, zinaingia kuanzia besi ya chini kabisa kupanda juu, na karibu kila anayeingia anamchoma aliyetangulia. Ni dakika tatu na kitu tu. Lakini msiuguse kama hamfiki waimbaji 16 walioiva, wawili kwa kila sauti.

Tungetamani kukaa zaidi kwenye Mateso kwa Mathayo, ya mwaka 1727, yenye kwaya mbili na ala za makundi mawili, ila itoshe kutaja mahali pawili. Yesu anaposema mezani kwamba mmoja wao atamsaliti, kwaya inauliza kwa haraka, "Bwana, ni mimi?" Neno "Bwana" linatajwa mara 11. Hesabuni wanafunzi, mtoeni Yuda. Kabla msikilizaji hajapumua unaanza wimbo wa kitabuni alioujua tangu utotoni, nao unajibu: ni mimi, ndimi niliyestahili adhabu. Swali lilikuwa la mitume, jibu limewekwa kinywani mwa aliyekaa kwenye benchi. Mahali pa pili: kila Yesu anapoimba, vinanda vya nyuzi vinamzungushia sauti ndefu tulivu, kazi nzima. Akifika "Eli, Eli", vinanda vinaondoka. Anabaki mtu na upweke wake.

Nyimbo hizo za kitabuni si ngeni kwetu. Misheni ya Leipzig, ya mji uleule wa Bach, ilianza kazi Kilimanjaro mwaka 1893, na Walutheri wa Tanzania bado wanaimba koral nyingi za Kijerumani kutoka kitabu chao cha nyimbo, Mwimbieni Bwana. Kwaya inayotaka kuonja Bach bila okestra ianzie hapo: koral moja, sauti nne, ubeti wa kwanza kwa nguvu ya kawaida, wa mwisho bila kinanda.

Kwa parokia au usharika wenye kinanda kimoja na waimbaji 20, tunapendekeza kipande kifupi cha mtunzi Händel kutoka Masihi, utungo wake mrefu wa maneno ya Biblia kwa kwaya na ala, chenye maneno ya 1 Wakorintho 15:21, kwamba mauti ililetwa na mtu, na kiyama ya wafu vilevile. Ni kama dakika mbili tu. Mauti inaimbwa polepole, A ndogo, bila ala yoyote. Kiyama inalipuka kwa kasi, C kubwa, kinanda kimeingia. Mtego uko wazi: kwaya ikishuka sauti katika zile baa za polepole, kinanda kitaitangaza aibu hiyo mbele ya kanisa zima. Sababu za kushuka zinajulikana. Nusu-toni za kushuka zinaimbwa pana mno, irabu "a" inaangukia kooni, na hewa ya kanisa lililojaa usiku wa Mkesha ni nzito. Mazoezini, mpiga kinanda asiwasindikize kwenye sehemu ya polepole. Abonyeze chodi moja tu mwishoni kuwapima, na wakiwa wameshuka warudie bila kugombezwa, safari hii wakitabasamu kidogo kwa misuli ya mashavu. Mkiimba kwa Kiswahili, hakikisheni pigo zito linaangukia silabi ya pili kutoka mwisho. "Mautí" yenye mkazo mwishoni inamchekesha mtoto wa mstari wa mbele, na shughuli imeisha.

Soprano wakilalamika kwamba ni juu, shusheni kinanda nusu-toni bila kuona haya. Wapigaji wa ala za kale leo hutumia la ya mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, ambayo ni takriban nusu-toni chini.

Na Haleluya yenyewe, ile mnayoipenda na ambayo kwaya nyingi huiimba Krismasi. Händel aliiweka mwisho wa sehemu ya pili ya Masihi, baada ya mateso, kifo na ufufuko. Kazi hiyo iliimbwa kwa mara ya kwanza Dublin tarehe 13 Aprili 1742, Jumanne ya Juma Kuu, wanawake wakiwa wameombwa kuacha nyumbani matao ya sketi na wanaume panga zao, ili watu 700 waenee ukumbini. Mapato yaliwafungua wafungwa wa madeni 142. Kwa hiyo msimu wake hasa ni huu wa sasa. Hifadhini nguvu, maana wengi humaliza sauti ukurasa wa pili, na ule mstari wa "Mfalme wa wafalme", ambapo soprano wanapanda ngazi kwa ngazi, unawakuta hawana kitu cha kuweka chini yao. Anzeni kwa robo tatu ya uwezo wenu.

Msimu wa Pasaka una siku 50, hadi Pentekoste. Kwaya zilizokosa nafasi Jumapili hii zina Jumapili nyingine saba za kuimba kaburi tupu, na waliopoteza sauti wanywe maji ya vuguvugu, wanyamaze siku mbili, wasinong'one maana kunong'ona kunakausha koo zaidi. Mazoezi yaanze Jumatano.

Pasaka njema kwenu na kwa wa nyumbani mwenu wote.