Safari ya kurudi kazini Lodwar: thibitisha kabla ya Jumatano

Hamjambo wenzangu. Tunaondoka Mombasa Ijumaa kwa treni ya usiku.

1. Tukutane stesheni ya Miritini saa 2 usiku. Kitambulisho kiwe chenyewe, si picha kwenye simu. Mizigo hunuswa na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Visu na mitungi ya gesi acheni nyumbani.

2. Tutashuka Syokimau kabla ya alfajiri. Tusitawanyike, basi la Kitale halimngoji mtu.

3. Kitale tutalala, tuondoke asubuhi, maana hapo mbele ndipo penye kazi. Mvua ikinyesha milimani Pokot, laga (mito ya msimu) za Turkana hujaa ghafla hata kama huku chini ni jua kali. Maji ya magotini tu yanaweza kuburuta gari, kwa hiyo dereva akisema tungoje, tungoje (na zile kelele za "pita tu" tafadhali zibaki Mombasa). Maji lita 3, dawa na pawabenki viwe begi la mkononi, si kwenye buti.

4. Mchango wa dharura sh 500 kwa mweka hazina, mwisho Jumatano saa 12 jioni.

Jibu hapa "NIPO" au "SIPO". Asiyejibu hatawekewa nafasi ya gari la Kitale.