Wenye nyumba, tuachieni hata tupige msumari

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na wenye nyumba wa hapa Dar, na wapangaji wenzangu pia maana na sisi tuna letu. Kiukweli hili la kukatazwa kupiga msumari ukutani limenichosha. Unalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, dalali umemwachia mwezi wake, afu unapewa mkataba wa karatasi mbili ambao nusu yake ni makatazo matupu, usipige msumari, usibadili rangi, geti mwisho saa nne, mgeni akilala toa taarifa. La geti naelewa, vibaka wapo. Ila msumari jamani? Pazia nitalishika kwa mkono mpaka asubuhi?

Matokeo yake ndo haya tunayoyaona. Mtu kakaa miaka Mbagala au Sinza lakini ukiingia chumbani kwake unadhani kahamia juzi, nguo ziko kwenye mabegi, balbu inaning'inia na waya wake, ukutani bado kuna michoro ya watoto wa mpangaji aliyepita. Ukimuuliza anakwambia vitu vizuri atanunua akihamia kwake. Kwako lini ndugu yangu, kiwanja kipo Chanika, tofali umeanza kupiga mwaka juzi, zingine zimeshaota majani, na huku mwanao anakulia hapo hapo kwenye hicho chumba unachokiita cha muda. Hapo siwalaumu wenye nyumba, hapo ni sisi wenyewe.

Nilipopanga sasa hivi Tabata tuliongea na mama mwenye nyumba kabla sijatoa hata shilingi, na nawashauri wenzangu mfanye hivyo maana ukishalipa huna tena nguvu ya kuongea. Tukakubaliana rangi nanunua mimi, ila kukwangua ukuta na kupiga plasta upya pale chini palipooza ni gharama yake, nalipa mimi kwanza afu inakatwa kwenye kodi inayofuata, na tukaandika, tukasaini, na risiti za duka la hadwea nikamkabidhi. Hakuna aliyegombana na mtu.

Na hapo kwenye ukuta niseme kitu, maana wengi wanatupa hela. Kuta nyingi za huku kwetu zinatoa chumvi, yani ule unga mweupe na rangi inabanduka kuanzia chini. Tatizo sio rangi. Maji yanapanda kutoka ardhini kupitia tofali, yanabeba chumvi, yakifika juu yanakauka na chumvi inabaki inasukuma rangi. Sasa mtu anaona aibu ya wageni anapaka rangi ya mafuta juu yake ili ing'ae, ndo kaharibu kabisa, unyevu unakosa pa kutokea na ukuta unatoka malengelenge. Kwangua, acha ukauke vizuri, paka rangi ya maji ya kawaida. Haitaisha moja kwa moja kama nyumba haikuwekewa kizuizi cha maji kwenye msingi, lakini angalau unapata nafuu. Na kitanda na kabati visogeze kidogo ukuta upumue, usipofanya hivyo nguo zitanuka ukungu msimu wa masika.

Hizi stika za ukutani za maua na matofali ya bandia mimi sizipendi, kwanza kwenye ukuta wenye unyevu hazikai, pili siku ya kuhama ukizivuta zinaondoka na rangi na hapo ndo ugomvi wa kurudishiwa hela ya dhamana unaanza. Bora pazia zito la mitumba pale Karume na mkeka mzuri, na balbu ya mwanga wa njano badala ya ule mweupe unaofanya sebule ionekane zahanati. Hivyo ukihama unahama navyo.

Wenye nyumba nao wajue kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 haijawapa haki ya kupokea kodi tu. Mtu akipanga sehemu ya jengo, paa, kuta kuu, mifereji mikuu na zile sehemu mnazotumia wote ni kazi ya mwenye nyumba kuvitunza, labda kama mkataba wenu umesema vingine, na mpangaji anayelipa anatakiwa aachwe akae kwa amani. Sasa huku kwetu paa likivuja unaambiwa weka ndoo, na kuna wanaoingia chumbani kukagua wewe uko kazini. Afu kuna hii kodi ya majengo, tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, yani unaponunua umeme wa kulipia kabla, ilianza 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 2023 ikapanda mpaka 1,500. Ni kodi ya mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni nani? Sio hela nyingi, najua, ila ukiniuliza anayechangia kodi ya jengo anaweza kuruhusiwa kutundika picha ya harusi yake.

Ombi langu ni dogo. Kama mwenye nyumba anaogopa ukuta wake kutobolewa ovyo, na anayo haki ya kuogopa maana wapo wanaopiga misumari ya nchi nne kama wanajenga banda la kuku, basi kabla hajapangisha aite fundi aweke bomba la pazia kila dirisha na ubao mmoja wenye ndoano kila chumba. Ni kazi ya siku moja. Na kwenye mkataba paongezwe mstari wa rangi, nani ananunua na nani anarudisha ilivyokuwa.

Mpangaji,
Tabata, Dar es Salaam