Wauzaji wa biri Dodoma, zitunzeni zisikauke

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye maduka, baa na hoteli za hapa Dodoma wanaouza biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa mkono kwa jani tupu la tumbaku bila karatasi, ambazo vijana wengi siku hizi huziita siga. Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, bidhaa hii ambayo zamani ilikuwa haionekani katika mji wetu imeingia kwenye makabati ya vioo, na mimi nimefurahi kuiona. Kinachoniumiza ni namna inavyotunzwa, kwa sababu kitu kilichosokotwa kwa uangalifu mkubwa na kusubiriwa kwa miaka kinaharibika hapa kwetu ndani ya wiki chache, kisha mnunuzi anaambiwa kwamba ule uchungu anaouonja ndiyo ladha yenyewe.

Mimi ni mteuzi wa tumbaku mstaafu. Nilifanya kazi kwenye masoko ya vyama vya msingi Urambo, kisha Manyoni, nikifungua marobota ya wakulima, nikilishika jani, nikilinusa, nikilinyanyua kwenye mwanga na kulipa daraja lake. Mkono uliozoea jani kwa miaka hiyo yote hausahau, na ndiyo maana nathubutu kuliandikia jambo hili.

Mwezi uliopita niliingia katika duka moja hapa mjini nikanunua biri mbili za aina moja, kila moja kwa bei inayokaribia ya debe la mahindi. Zilikuwa zimelazwa juu ya rafu ya kioo, bila kasha, na taa ndogo kali ikizimulika kutoka juu kama inavyomulika saa na miwani. Nilipoibana moja kidogo kwa vidole viwili karibu na sikio ilitoa mlio wa maganda ya karanga. Nilipofika nyumbani na kuikata kichwa, jani la nje lilipasuka kwa mstari mmoja kutoka kwenye mkato hadi kwenye mkanda wa karatasi, na moshi wake ulikuwa wa moto, wenye kuwasha ncha ya ulimi. Biri ambayo ingenichukua saa nzima iliungua yote kwa muda usiozidi dakika 20.

Nilirudi dukani, si kwa kugomba, bali kumweleza kijana anayeuza. Alinisalimia kwa heshima, akanisikiliza, kisha akasema, “Mzee wangu, hiyo ni kali, ndiyo maana inawasha.” Nikamjibu, “Hapana, mwanangu. Hiyo ni ya wastani, ila imekauka.” Akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya nishike kalamu: mtu atajuaje kama biri ni kali au imekauka?

Ukali wa biri unaanzia shambani, kwenye sehemu ya mmea ambako jani limechumwa. Mkulima yeyote wa Tabora anajua kwamba tumbaku huchumwa kuanzia chini kwenda juu, na kwamba jani la chini ni jembamba na jepesi, wakati jani la juu, lililopigwa na jua muda mrefu zaidi, ni nene, lina mafuta na nikotini nyingi. Wasokotaji wa Cuba wana jina la kila sehemu: jani la chini huitwa volado, nalo kazi yake kubwa ni kuifanya biri iwake vizuri, la katikati huitwa seco, nalo ndilo lenye harufu, la juu huitwa ligero, nalo ndilo linaloleta nguvu na huungua polepole, kwa hiyo fundi hulilaza katikati kabisa ya biri. Biri ya ukali wa wastani ni ile ambayo fundi ameijaza seco kwa wingi na kutia ligero kidogo tu, kiasi cha kuipa mgongo. Rangi ya nje haisemi chochote kuhusu hilo, maana biri nyeusi inaweza kuwa laini na ya rangi ya asali ikakushika kichwa.

Ukali huo wa nikotini mtu huusikia kichwani na tumboni: anatokwa jasho jembamba, anataka kukaa chini, na tumbo tupu linamsumbua. Hausikiki kama moto mdomoni. Moto wa mdomoni ni wa ukavu, kwa kuwa jani lisilo na unyevu huungua haraka na kwa joto kubwa mno, na mafuta yenye harufu huwa yamekwisha kupotea. Hilo ndilo jibu langu kwa kijana yule, na ningependa kila muuzaji alijue kabla ya kumwambia mteja kwamba ameshindwa na ukali.

Wapo watakaouliza kwa nini nasifia ya wastani wakati wengi wanaona fahari kuomba ile kali kuliko zote. Nikotini nyingi hufunika ladha kama pilipili nyingi inavyofunika mchuzi wa kuku wa kienyeji, na mimi sijawahi kuamini kwamba aliyetoa jasho zaidi ndiye aliyekula vizuri zaidi. Ya wastani humwachia mvutaji nafasi ya kufuata mabadiliko. Nikichukua ile ya umbo la robusto, yenye urefu wa inchi 5 na unene wa 50, maana yake sehemu 50 kati ya 64 za inchi moja, theluthi ya kwanza huja na harufu ya mkate uliokaushwa na njugu, ya pili hutoa harufu ya mbao mbichi na kahawa iliyokaangwa, na kuelekea mwisho huja pilipili manga nyuma ya koo, taratibu, bila kuchoma. Majivu yake hushikana, ya kijivu cheupe, yakafika hata urefu wa kidole gumba kabla ya kuanguka. Mvutaji anayevuta mara moja kwa dakika, bila haraka, huipata safari hiyo yote.

Na katika hizo za wastani, ninayoipenda kuliko zote ni ile iliyovikwa jani la Cameroon. Wengi hawajui kwamba moja ya majani ya nje yanayoheshimiwa sana duniani hutoka Afrika, katika mashamba ya mashariki mwa Cameroon na upande wa pili wa mpaka, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kutokana na mbegu iliyoletwa kutoka Sumatra. Ni jani jembamba, la rangi ya kahawia, lenye vijipele vidogo vya mafuta ambavyo ukipitisha kidole unavihisi kama ngozi ya mtu anayesikia baridi. Utamu wake ni wa viungo, karibu na mdalasini. Jani hilo husafirishwa hadi Jamhuri ya Dominika na Nicaragua, likavikwa juu ya majani ya huko, kisha likarudi Afrika ndani ya biri, na inaniuma kuliona limepasukia juu ya rafu Dodoma.

Nikumbushe pia, kwa wale waliozoea tumbaku yetu, kwamba jani la biri halikaushwi kama letu la mvuke. Letu huingizwa bani, yaani nyumba ya kukaushia, likapata joto la tanuri, na baada ya kama wiki moja limekuwa la njano na sukari yake imebaki ndani. Jani la biri hutundikwa kwenye banda lenye hewa kwa wiki nyingi, sukari ikaisha yenyewe, kisha hulundikwa katika marundo makubwa ambayo hupata joto kwa ndani na kutoa amonia, huku wafanyakazi wakiyafumua na kuyapanga upya ili yasiungue. Ndiyo maana moshi wa sigara ya kawaida una asidi na mvutaji huupeleka mapafuni, ilhali moshi wa biri una alkali na nikotini yake hupita kwenye ngozi ya mdomo. Biri haivutwi hadi kifuani. Huonjwa, ikaachiliwa.

Hilo lisimdanganye mtu akadhani haina madhara. Nikotini inaingia mwilini hata bila kuumeza moshi, na saratani ya mdomo na ya koo inawapata wavutaji wa biri pia. Mimi huvuta moja kwa mwezi, nje, mbali na wajukuu, na aliye chini ya miaka 18 hapaswi kuuziwa hata njiti yake. Sheria yetu ya kudhibiti bidhaa za tumbaku ya mwaka 2003 inahusu biri kama inavyohusu sigara.

Sasa nirudi kwenye utunzaji, ambao ndio ombi langu. Biri inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la kati ya nyuzi 18 na 21. Dar es Salaam hewa ya bahari huisaidia kwa unyevu, ingawa joto la kule huamsha fukusi wa tumbaku anayetoboa matundu madogo kama ya sindano. Dodoma tuna tatizo jingine kabisa. Mvua yetu haifiki milimita 700 katika mwaka wa kawaida, na kuanzia Mei hadi Novemba hapanyeshi kitu cha maana. Upepo wa Agosti unapasua midomo ya watoto na milango ya mbao, na jani jembamba la tumbaku haliwezi kusalimika. Muuzaji wa hapa anayeweka biri wazi anaiweka kwenye tanuri.

Si lazima kununua kasha la kifahari kutoka ng’ambo. Langu ni chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, cha kuhifadhia unga, nilichokitandika ndani vipande vya mbao ya Cedrela odorata, mti uleule unaotumika kutengeneza makasha ya biri huko kwao. Mti huo uliletwa nchini kupandwa kwenye mashamba ya miti, na kule Morogoro umeuvamia msitu wa Kimboza hadi ukawa kero kwa wahifadhi, kwa hiyo fundi seremala anayeufahamu si vigumu kumpata. Mbao isipakwe vanishi wala rangi. Ndani yake naweka sifongo safi iliyoloweshwa maji yaliyokenekwa (si yale makali ya betri, tafadhali, na si ya bomba, maana chumvi yake huziba sifongo na kuleta ukungu), nayo naikamua hadi isidondoke hata tone. Kipimia unyevu kidogo ni cha bei nafuu, na ili kujua kama kinasema kweli kifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kizibo cha chumvi iliyoloweshwa kidogo; kesho yake kinapaswa kusoma 75. Kikisoma tofauti, utajua kinakosea kwa kiasi gani. Chombo chenyewe kikae chumba cha ndani, chini, mbali na dirisha na mbali na taa.

Kwa muuzaji, gharama yote ya hayo haifikii bei ya biri mbili. Nawaomba pia muwaruhusu wateja kuibana biri kwa upole kabla ya kulipa, kama tunavyobonyeza parachichi sokoni Majengo. Iliyo sawa hukubali kidole kisha ikarudi, kimya.

Nilimweleza kijana yule hayo yote, naye Jumamosi alikuja nyumbani akakiona chombo, akachukua vipimo vyake kwenye kipande cha boksi. Ile biri yenye mpasuko nilikuwa nimenunua mbili, na ya pili sikuiwasha. Ina wiki ya tatu sasa ndani ya chombo, upande wa mbali na sifongo ili isinywe unyevu kwa ghafla ikavimba. Jana niliibana karibu na sikio na haikulia tena, ingawa harufu yake bado ni hafifu kuliko inavyopaswa kuwa.

Wako mtiifu,
Mteuzi wa tumbaku mstaafu,
Dodoma.